Galaksi ya Pembeni

Mtaani kwao walimwita Mama Vikonyo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Hakuna kitambaa kilichotoka mikononi mwake bila vikonyo. Ua la kwanza liliungwa na la pili kwa uzi unaopindapinda, la pili likaungwa na la tatu, hivyo hivyo mpaka foronya nzima, au kitambaa cha meza, kikawa familia moja iliyoshikana mikono. Alifundishwa na mama yake mzazi, enzi hizo yeye bado anajichoma vidole mpaka foronya inapata madoa ya damu. "Ua usiliache peke yake," mama yake alimwambia. "Litaonekana limesahauliwa." Neno hilo lilimkaa kama dua.

Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akazaa watatu, akafiwa na mume watoto wakiwa bado wanagombania kukwangua sufuria. Aliwalea kwa sindano. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kutolewa vipuri, na meza ndefu ya kupigia pasi. Meza hiyo ilikuwa himaya ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala.

"Mawifi wote wangekuwa kama mimi, wewe ungekuwa umenawiri," wifi alipenda kusema, mvuke wa pasi umemfunika uso.

"Wangekuwa kama wewe ningekuwa nimeshahama mji," Mama Vikonyo alijibu bila kuinua kichwa.

Watoto walikua. Kifungua mimba, wa kiume, alikwenda mji wa mbali kutengeneza lifti za maghorofa. Wa pili, binti, aliolewa mbali zaidi. Wote wawili mama yao aliwapa radhi kwa mdomo, na baada ya kila safari alikaa wiki nzima akipakua chakula cha mtu asiyekuwepo. Akabaki na kitinda mimba, binti mkunga, aliyerudi jioni akinukia sabuni ya hospitali na kusimulia habari za vichanga vinavyokuja duniani vimekunja ngumi kama vina kesi na mtu.

Sasa kitinda mimba naye alikuwa amepata kazi mpya, mbali. Ilikuwa hospitali ndogo ya milimani, mwendo wa kutwa nzima kwa treni na kisha basi, huko ambako wajawazito hubebwa kwa machela kushuka mabonde kwa sababu mkunga hakuna. Alimweleza mama yake wakiwa wamekaa sakafuni wanachambua mboga.

"Treni ni Jumamosi, mama. Wananingoja. Nisipofika watamchukua mwingine." Akaweka mboga chini. "Lakini bila radhi yako sipandi."

Mama Vikonyo hakusema ndiyo wala hakusema la. Alisema, "Chakula kinapoa."

Tangu hapo ikawa ndiyo hali. Binti akifungua mdomo, mama anagundua uzi umekatika, au maji yanachemka, au kuna mtu anabisha hodi. Hakuwa mkali, la hasha. Alimpikia mwanawe vizuri kuliko siku zote. Alikuwa anangoja tu Jumamosi ije na ipite zake. Alipopiga magoti kusali aliwataja wagonjwa, wasafiri, wajane na mayatima, ila jambo hilo moja alilipita kimyakimya, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Wiki hiyo hiyo kazi ya pazia ilikuwa inakaribia kwisha. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amekuja dukani mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, mzee mwembamba mpole aliyebakiza muda mfupi astaafu. Alitaka pazia la jukwaa la ukumbi wa shule, liwe la mahameli nyeusi, na juu yake zidariziwe galaksi tano.

"Galaksi ndiyo mdudu gani?" wifi aliuliza kutoka kwenye mvuke.

Mwalimu hakuudhika. Alieleza kwamba jua letu ni nyota moja, na kwamba nyota zimekusanyika makundi makundi, kila mkusanyiko una nyota nyingi kupita chembe za unga kwenye gunia, na mkusanyiko huo ndio galaksi. Sisi tumo ndani ya mmoja. Hizo tano ni za kundi jirani, linaloitwa kundi la Mchongaji, liko nje kabisa ya nyumba yetu. Akaziweka picha mezani. Kubwa kuliko zote ilikuwa imelala kiupandeupande, inang'aa, wengine huiita Sarafu ya Fedha. Ya pili ilikuwa hafifu, na upande mmoja ina tundu jeusi.

"Hii imeungua pasi," wifi akasema. "Mimi simo. Mwenyezi Mungu shahidi yangu."

Ya tatu ilikuwa nyembamba, imevimba upande mmoja kama boga lililolaliwa. Ya nne imekaa wazi kama sahani. Ya tano ilikuwa ndogo, ya manyoyamanyoya, haina mistari iliyonyooka, kama pamba iliyochambuliwa na mtoto. Mwalimu aliacha pia mchoro wa kuonyesha kila moja ikae wapi, akaaga.

Mama Vikonyo aliishona Sarafu kwa uzi wa fedha na mweupe, ile yenye tundu akaiacha tundu lake, na ile ya manyoya alihangaika nayo mno, akichambua nyuzi kwa kucha mpaka ikasimama kama kifaranga aliyetoka kukauka. Ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Lakini kila alipotazama mchoro moyo ulimsononeka. Nne zilikuwa zimekaa upande mmoja wa pazia, hii moja imetupwa kule mwisho, karibu na pindo. Akasema moyoni, mwalimu ni mtu wa vitabu, habari za vitambaa hazijui. Akachukua chaki akaisogeza ndani. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na mazoea ya maisha, akazipitishia zote tano vikonyo vya uzi wa fedha, vimepinda vizuri, kutoka hii mpaka ile, pasibaki hata moja iliyoachwa.

Jumatano mchana mwalimu alikuja. Pazia lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya pasi, na wifi amesimama kando yake kama bibi wa shughuli. Mwalimu alitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni nzuri mno, mama," alisema. "Mikono yako imebarikiwa. Lakini sizo zenyewe."

"Vipi sizo?"

"Hii ndogo ilikuwa huku." Aligusa pindo la mbali.

"Niliionea huruma."

Wifi aliangua kicheko mpaka akashika meza. Mwalimu hakucheka. "Na hizi kamba?"

"Ni vikonyo. Zishikamane."

"Kamba hizo mbinguni hazipo, mama. Kuna kinachozivuta pamoja, hilo kweli, ila hakionekani, na nikieleza hapa nitaharibu tu." Alifikiri kidogo. "Leo mbingu haina wingu. Njooni uwanjani kwa shule giza likiingia. Mkishaona, mtaamua wenyewe kama pazia libaki hivi au lirekebishwe."

Wifi alisema miguu yake inamuuma na nyota ameshaziona. Binti mkunga ndiye aliyemsindikiza mama yake. Walitembea, binti amemshika kiwiko pale penye mashimo.

Mwalimu alikuwa amezima taa zote za baraza la shule. Katikati ya uwanja kulikuwa na darubini, bomba nene kama dohani, imesimama kwa miguu mitatu. Aliielekeza juu, akahangaika na visukurubu, kisha akasogea.

"Karibu, mama. Weka jicho hapa, usiguse bomba. Hiyo ndiyo Sarafu."

Mama Vikonyo aliinama. Alitegemea kuona fedha. Aliona nyota chache zimetapakaa, na katikati yake kitu kirefu, cheupe kidogo, kama mtu amehemea kioo na pumzi haijakauka.

"Mbona ni moshi?" alisema.

"Moshi huo ni nyota tupu. Kila mahali unapoona weupe ni majua, mengine makubwa kuliko letu, mabilioni kwa mabilioni. Na katikati pale zinazaliwa nyingine kwa fujo. Aliyeigundua kwanza alikuwa mwanamke, zamani, anatafuta nyota zenye mkia."

"Ni mbali sana?" aliuliza binti.

"Nuru ndiyo inayokimbia kuliko vyote. Kutoka juani kuja hapa haikawii hata muda wa kuchemsha chai. Hiyo iliyoingia jichoni mwa mama sasa hivi ilitoka kule zaidi ya miaka milioni kumi na moja iliyopita. Binadamu alikuwa bado hajakuwepo."

Mama Vikonyo aliondoa jicho upesi, kama mtu aliyesukuma mlango akamkuta mwingine kwenye sala. Alisimama gizani, mkono kifuani. Akarudi tena akainama, safari hii polepole. Nuru ile ilianza safari pasipo mtu wa kuiaga. Ilipita mahali pasipo na mtu wa kuiuliza inakwenda wapi. Duniani palikuwa hapana jicho hata moja la mtu la kuipokea, na Mungu aliiachilia vilevile, ikaja, ikaja, milima ikainuka na mito ikageuza njia, nayo inakuja, mpaka jioni hii ikatua kwa mjane wa darasa la saba mwenye vipande vya uzi vimemnata kwenye gauni. Machozi yalimtoka yenyewe. Hayakuwa ya huzuni. Alijiona mdogo kama tundu la sindano, na kwa mara ya kwanza udogo huo haukumtisha. Ulimpumzisha.

"Nionyeshe ile ya pembeni," alisema mwisho.

Mwalimu aligeuza bomba, na lilizunguka kipande kirefu cha mbingu kabla halijatulia. Mama Vikonyo alitazama. Weusi mtupu. Akakodoa. Weusi.

"Haipo."

"Ipo. Usiikazie macho. Tazama kando yake kidogo, kama mtu anayeona haya."

Akatazama kando. Na hapo, pembeni ya jicho, ikajitokeza, doa dogo la weupe, laini, iko peke yake kabisa. Akaigeukia kwa furaha, ikapotea. Akatazama kando tena, ikarudi.

"Ukiidaka kwa macho inakimbia!"

"Ndiyo tabia ya vitu hafifu," mwalimu alisema.

"Na kule peke yake, inashikwa na nini?"

"Na mvuto. Kila kilichopo kinavuta kilichopo. Umbali unaupunguza, unaupunguza sana, lakini hutafika mahali ukasema hapa sasa umekwisha."

"Kwa hiyo hazitapotezana."

"Kukudanganya siwezi, mama. Kundi hili ni la kulegea. Nafasi iliyo kati yao inazidi kutanuka. Baadhi huenda zikabaki pamoja, baadhi huenda zikashika njia zao. Wanaojua kuliko mimi bado wanabishana. Tena mbili kati ya hizo tano, ile iliyovimba na ile ya sahani, tunaziona kama ziko nazo, kumbe ziko karibu na sisi, kama nusu ya njia. Pengine ni wapita njia tu."

"Na bado mnaziita kundi moja?" aliuliza binti.

"Tumezoea kuziita hivyo."

Njia nzima ya kurudi Mama Vikonyo hakuusikia mguu wake ukigusa ardhi. Kila taa ya dirishani ilimshangaza, jinsi ilivyo karibu. Binti naye hakuligusa neno la Jumamosi. Usiku ule, alipopiga magoti, mama alikaa muda mrefu bila kumtaja mtu yeyote. Kisha akalitaja lile jambo moja. Alisema tu, "Bwana, unaliona," akapanda kitandani.

Alhamisi asubuhi alichukua wembe.

"Unafanya nini, wewe mwanamke?" wifi alipiga kelele. "Kazi ya mwezi mzima!"

"Nafumua."

"Kwa sababu ya moshi?"

"Ungekuja ungeuona."

Alifumua vikonyo kimoja kimoja, akivuta nyuzi za fedha kwa kucha na kuziviringisha kwenye kidole. Sindano ilikuwa imeacha vitundu kwenye mahameli, safu ndefu ndefu. Wifi alinung'unika, akaleta pasi yake ya mvuke, akaishika juu juu bila kugusa kitambaa ili manyoya ya mahameli yasimame, na vitundu vingi vikajifunga. Vingine vilikataa. Halafu zile mbili zilizo nusu ya njia Mama Vikonyo alizikata na kitambaa chake, akaziba mahali pake kwa viraka vya mahameli, akazishona juu ya neti nyembamba nyeusi itakayoning'inia mbele ya pazia, hatua moja huku kwa watazamaji. Hilo hakuna aliyemfundisha. Wifi alisimama akazitazama zinavyoelea, pasi mkononi.

Jioni binti aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake ameinama upande wa mwisho wa meza, kwenye pindo. Ile ndogo ya manyoya ilikuwa imekwisha kung'olewa kutoka katikati, imeshikizwa kwa pini mahali pake pa haki. Bado haijashonwa.

"Njoo unishikie kitambaa," mama alisema.

Binti alinawa mikono, akaja akakishika, kimekazwa. Mama alitunga uzi. Sindano ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Hakumtazama mwanawe usoni. Alitazama kando kidogo, kwenye mkono ule ulioshika mahameli, mkono uliopokea vichanga vya watu.

"Hiyo treni inaondoka saa ngapi?"

Kitambaa kililegea, kisha kikakazwa tena.

"Asubuhi, mama. Mapema."

"Basi kesho ufue nguo zako, zikauke. Huko milimani jua la kukausha silijui." Alivuta uzi mpaka mwisho. "Nilitaka nikufunge kikonyo, mwanangu. Nakushukuru hukukikata kwa nguvu."

Binti alianza kulia bila kuachia kitambaa. Mama alichomeka sindano mahali salama, kama alivyozoea, ndipo akamwekea mkono kichwani.

"Nenda. Radhi zangu unazo, zote, sibakizi hata moja. Mungu aliyeachilia nuru ije peke yake miaka yote ile ndiye atakayekwenda na wewe. Ukinikumbuka nipigie simu. Usiponikumbuka, mimi nitakuvuta tu kutoka huku, wala hutajua."

"Nitajua, mama."

Kule mwisho wa pili wa meza ilisikika pua ikipengwa.

"Shangazi, unalia?"

"Nani alie? Mvuke huu," wifi alisema. Pasi ilikuwa imezimwa kitambo.

Ijumaa walilitundika pazia ukumbini. Mwalimu alilitazama kutoka viti vya nyuma, akaja katikati, akaja mbele, na kila aliposogea zile mbili za kwenye neti zilihama mahali pake mbele ya zile nyingine. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili akacheka kama mtoto. Kisha taa ya pembeni ikawashwa, akaona kwenye mahameli mistari hafifu ya vitundu, kutoka galaksi hadi galaksi.

"Hizi ni nini?"

"Njia za sindano. Hazikukubali kutoka. Nisamehe, mwalimu."

Aliinama akazitazama kwa muda. "Ziache," alisema.

Jumamosi treni iliondoka na binti ndani yake. Mama Vikonyo alipunga kitambaa mpaka behewa la mwisho likawa doa, akarudi dukani, akashona pindo la gauni la mtu. Jua lilipozama alitoka uani. Mwalimu alikuwa amemwonyesha upande wa kutazama, juu ya paa la jirani, kushoto kwa waya wa umeme. Alitazama pale, kisha akatazama kando kidogo. Hakuona kitu. Jicho tupu haliifikii, alijua. Lakini mwili ulimsisimka vilevile kwa kujua kwamba iko, na kwamba nuru yake inamwangukia usoni hata kama haioni, pamoja na zote zilizo njiani bado. Akaiombea heri, ikiwa vitu vile huombewa. Kisha akamwombea kwa jina mkunga aliye ndani ya basi gizani, anapanda milima.

"Wifi!" sauti iliita kutoka ndani. "Utashikwa na shingo huko nje! Chakula kinapoa!"

"Nakuja," alisema. Akasimama kidogo zaidi.